Uchafu Nilioubeba Kutoka Baharini

Hapa Kasongo ukisema unasomea uchafu wa maji, watu wanakucheka mpaka wanashika mbavu. Sawa, wacheke. Kule mto wetu unakoishia baharini, maji matamu hupanda juu ya maji ya chumvi, na yanapokutana huelea vipunje vidogo sana: majani yaliyooza, mabaki ya vijidudu, kila takataka ambayo misitu imeutupia mto. Vinashikana, vinazama, vinalisha viumbe vya chini. Kazi yangu ya mwisho chuoni ilihusu vipunje hivyo. Bila kazi hiyo, hakuna diploma.

Chuo kilikuwa na mgomo, maabara imefungwa, basi nikavuka nchi nzima na bidoni moja ya maji yale, niyachuje mwenyewe nyumbani kwa karatasi zangu maalumu. Kwenye pikipiki niliikumbatia kama mtoto mgonjwa. Nikamwambia koko, mama yake baba yangu: "Koko, hii usiguse, tafadhali." Kisha nikaenda kusalimia wajomba, maana ukifika bila kusalimia ni matusi.

Koko akagusa. Akaonja! Jamani, nani anaonja maji ya mutu? Akasikia chumvi. Sasa koko alikulia Kabambare, na mama yake alikuwa akichoma majani ya mtoni, anachuja maji ya majivu, anayachemsha mpaka inabaki chumvi. Kwake yeye, maji ya chumvi yenye uchafu ni kazi iliyoachwa njiani.

Niliporudi, sufuria ya koko jikoni ilikuwa imekauka, chumvi imeganda chini.

"Mujukuu, maji yako ilikuwa chafu sana," akasema kwa fahari. "Nimeichuja muzuri."

"Koko! Si nilikukataza?"

"Nilizani unaona haya kunipa kazi."

Yoo! Hasira ilinipanda mpaka masikio yakawaka moto. Kumgombeza mkubwa siwezi, basi nikagombeza kuku. Halafu nikashtuka: ukichuja maji, uchafu si unabaki kwenye kitambaa? Vipunje vyangu bado viko!

"Koko, kitambaa iko wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye kamba nyuma ya jiko. Kilikuwa kilemba chake cha kuendea misa, kinadondosha maji.

"Nimekifua na sabuni," akasema. "Angalia, kama kimebaki na doa nitakirudilia."

Nikakikagua pindo kwa pindo. Hakikuwa na doa hata moja.