Nyumba Iliyopimwa Ikiwa Hai

Nilipokuwa mtoto kichwa changu kilishinda kofia zote za ukoo, na nasema hivi kwa kujisifu, maana kichwa hicho ndicho kilichookoa nyumba kongwe kuliko zote Newala.

Nyumba yenyewe ya mawe na udongo mwekundu, ukuta mnene hata punda anageukia ndani yake. Madirisha babu aliyawekea fito za mpingo, alizichonga mwenyewe. Mtaa mzima ulikuwa hivyo. Ikaja miaka ya ruksa, biashara zikafunguliwa, kila mtu anataka duka la matofali ya saruji, nyumba zikang'olewa kama mihogo.

Siku moja mjomba akaja na futi kamba, apime ya kwetu aibomoe ajenge duka. Bibi, mama yake, akamwambia, "Kinachopimwa ni maiti. Ukiipima nyumba ingali hai, itashika mtu."

"Mama nawe! Hayo ya zamani." Akaendelea kupima.

Mimi niko ndani. Nikapenyeza kichwa kati ya fito nimwone. Kukirudisha, masikio yakagoma.

Nililia wakasikia Masasi. Watu wakajaa nje. Mjomba akaleta msumeno, mpingo ukaung'oa meno yote. Jua linanipiga utosini, shingo imevimba, nikajua nitaolewa hapohapo dirishani.

"Bibi, nitoe!"

"Tulia, mke mwenzangu." Akamgeukia mjomba. "Imemshika, unaona? Apa, wewe na damu yako, hamtaibomoa."

"Mama, mtoto anakufa!"

"Basi apa upesi."

Mjomba akaapa, kiganja ukutani. Bibi akaninyunyizia unga wa mtama, akanong'ona na marehemu babu, halafu akanilaza kichwa upande, akakunja sikio moja, akakunja la pili. Nikatoka.

Nilipokua nikamuuliza, "Bibi, ule ujanja wa masikio uliujua tangu mwanzo?"

"Ulikuwa hufi," akasema, akacheka mpaka akakohoa.

Kwetu mali ya mjomba humfuata mtoto wa dada, kwa hiyo nyumba sasa ni yangu. Paa linavuja. Mnunuzi akisikia inashika watu, anatoka mbio. Kuibomoa siwezi, kiapo kilitaja damu. Wageni wanakuja kuipiga picha, nawasimulia kwa madaha mpaka wanasahau kuondoka. Wakishaondoka nachukua sufuria, natega matone. Bibi aliokoa nyumba, sifa zake nampa. Ila siku ile, katika umati wote ule, hakuna aliyeniuliza mimi kama naitaka.