Beta wangu alikaribia kufa kwa ukarimu wa mama mkwe

Wakuu, nawasalimu kutoka Kirotshe, ukingoni mwa Ziwa Kivu. Haya ninayoandika yametokea nyumbani kwangu, na samaki mwenyewe yuko kando yangu ninavyochapa.

Mimi ni mtu wa Butembo, nina duka la vifaa vya ujenzi hapa. Vita vilipofunga barabara ya kupanda Masisi, wateja walikwisha. Nikawa nashinda nimetazamana na misumari.

Rafiki akanihurumia, akaniletea kutoka Goma samaki dume wa beta. Mwekundu, mapezi marefu kama kitenge cha harusi.

Kwa wasiomjua: beta dume anakaa peke yake. Ukimwekea dume mwenzake, watararuana. Hupanda juu kuvuta hewa, kwa hiyo usijaze tangi hadi ukingoni. Maji badilisha sehemu tu, usimwage yote.

Na anataka uvuguvugu. Huku kuna baridi na umeme wa kutegemea hatuna. Mimi naweka tangini chupa ya maji ya moto iliyofungwa vizuri, inaelea, halafu nalizungushia tangi blanketi. Inawezekana, msikate tamaa.

Basi, alikuwa mzima kabisa. Kisha mapigano yakafika upande wa Kirolirwe, anakoishi mama mkwe, naye akashuka kwetu na jamaa zake.

Yule mama alikimbia akiacha kuku uani na maharage motoni. Maisha yake yote amelisha watu. Kwangu akafika mikono mitupu, na hilo lilimuuma kuliko safari.

Tangi lilikuwa sebuleni, tunapolia chakula. Beta akiona watu anakuja kwenye kioo.

Siku ya kwanza tu, mama mkwe akasimamisha tonge hewani.

"Huyu iko anatuangalia, na sisi tuko tunakula?"

"Mama, ni samaki."

"Samaki haina njaa?"

Akamega bugali, akatumbukiza.

Mnajua wenyewe, kwetu hauli mbele ya macho ya mtu bila kumkaribisha. Mkubwa akishaanza, nani atabaki nyuma? Kila mlo, kila mtu akatupa chake. Bugali, sombe ya majani ya muhogo, hata maharage!

Shemeji yangu alipoona samaki anavyopanua mashavu kupigana na sura yake kwenye kioo, akasema, "Huyu njo komanda. Adui hakuna, lakini vita hamalizi." Jina likabaki. Komanda huyu, Komanda yule, na tonge juu.

Maji yakachafuka. Tumbo likavimba. Akaanza kuogelea upande upande, kisha akalala chini, mapezi yamekunjwa.

Nikaeleza. Wakuu, nilieleza! Kwamba tumbo la beta ni dogo kama jicho lake. Kwamba viluwiluwi vichache vya mbu kutoka pipa la mvua vinamtosha.

Mama mkwe, ambaye kwa heshima huniita Papa, akacheka. "Papa, nikipimia bageni chakula kwa jicho yao, batarudia kwangu?"

Nikahamishia tangi chumbani. Nikitoka dukani nalikuta sebuleni. "Mugeni hafungiwe mu chumba, Papa."

Na mama mkwe humfokei. Unameza, unasema "Ndiyo, Mama," unakwenda kufoka dukani na misumari.

Mke wangu akaniambia, "Utamuzika huyo samaki kwa heshima zote."

Siku moja Komanda hakuinuka hata kuvuta hewa mpaka nilipogonga kioo. Dawa ya tumbo lile ni kutomlisha siku mbili tatu. Mezani mkono wa mama mkwe ukanyoosha tonge. Nikasikia mdomo wangu wenyewe unasema:

"Mama, amefunga."

Mkono ukasimama. Ilikuwa Kwaresima, na parokia ilituomba tufunge.

"Amefunga juu ya nini?"

"Juu ya amani."

Akarudisha tonge kwenye sahani. "Njo ungesema toka mwanzo."

Toka mwanzo! Na maelezo yangu yote?

Akavua kitenge chake cha mabegani, akafunika tangi. Mbele ya anayefunga huli ovyo. Tangu hapo hakuna aliyethubutu. Nikabadilisha sehemu ya maji, nikatoa mabaki, nikaongeza joto. Tumbo likashuka, mapezi yakafunguka.

Nikachukua viluwiluwi nimlishe. Mama mkwe akanishika mkono.

"Alifunga juu ya amani. Amani imefika?"

Wakuu, nilikaa chini.

Nje milio ilikuwa bado inasikika milimani. Ningejibu nini? Sasa samaki wangu aliyepona shibe atakufa njaa!

Akalainika. "Hata sisi tunafunga, na mangaribi tunakula. Leta."

Kwa hiyo kengele ya jioni ikilia, mama mkwe anafunua kitenge, anadondosha viluwiluwi vichache, anafunika. Mara moja kwa siku, kidogo. Ndicho hasa nilichokuwa namweleza tangu alipofika!

Funzo langu: beta wengi hufa kwa kulishwa sana. Na kama nyumba imejaa, usipoteze pumzi kueleza habari za tumbo. Tafuta sababu ambayo waliomo tayari wanaiheshimu.

Pasaka imepita. Komanda bado amefunga, maana mama mkwe bado anauliza lile swali, na bado sina jibu.

Mwenye mbinu nzuri ya kutunza joto bila umeme aandike hapa chini. Na mwenye jibu la mama mkwe, aanze yeye.