Mwinyimvua na Marehemu Waliofutika

Zamani marehemu wetu walikaa kichwani mwa mtu mmoja pale kijijini kwetu Salale. Siku hizi wanakaa ndani ya simu, na chaji ikiisha hakuna wa kuwarehemu.

Mtu huyo alikuwa Mwinyimvua, mkulima wa mpunga. Kila mwaka kabla ya kupanda, tulikusanyika makaburini naye akayataja majina ya wazee wote, ukoo kwa ukoo, bila kukohoa. Jina likirukwa, wenye ukoo walinuna mpaka mavuno.

Kisha ukaja ule wakati wa ruksa, biashara ikafunguliwa na bidhaa za Dubai zikajaa Kariakoo. Mwinyimvua akarudi kutoka huko na kidude cha kuhifadhi majina, kina vitufe kama kikokotoo. Muuzaji alimwapia kuwa kitakumbuka miaka kumi. Akawaingiza marehemu wote humo, akaacha kuwakariri.

Mimi elimu yangu ni ya vitabu vya kuokota, lakini nilimwonya. "Kumbukumbu ya humo inashikiliwa na betri. Betri ikitoka, kinasahau papo hapo."

"Una wivu, bwana," akanijibu.

Mwaka uliofuata, asubuhi ya siku ya kurehemu, aliona maandishi ya kidude yamefifia. Akafanya kama tufanyavyo kwa betri za redio: akazitoa, akazianika juani kwenye ungo wa uduvi wa mkewe. Adhuhuri akazirudisha. Maandishi yakakolea vizuri kabisa. Tukiwa tumeshaketi makaburini, akakibonyeza. Kidude kikamuuliza jina lake nani, kama ndiyo kwanza kimenunuliwa.

Akakitia mfukoni. "Tuwarehemu... wazee wetu wote kwa jumla."

"Kwa jumla?" akaruka Bi Mwantumu, mjane asiyemeza neno. "Baba yangu hakuzikwa kwa jumla! Mtaje!"

Akashindwa. Watu wakatawanyika, na ubwabwa ukaachwa kwenye sinia, jambo ambalo sijaliona tena. Wazee wakamwambia: usipoyarudisha majina kabla ya mbegu kumwagwa, kazi atapewa mwingine.

Akamwangukia Bi Mwantumu, aliyeyasikiliza majina hayo miaka yote akivizia kosa. Bibi akakubali kumfundisha, lakini njiani tu, huku Mwinyimvua akimvusha mto kwenda shambani kwake bibi.

Mara ya mwisho kuwaona, mimi nikiwa nahamia Kibiti, walikuwa mtumbwini. Bibi kakaa mbele na mwavuli, Mwinyimvua nyuma anapiga kasia na kutaja majina.

"Umemruka shangazi yangu. Anza upya!"

Akaanza upya. Shamba lenyewe walikuwa wamelipita zamani, na hakuna kati yao aliyekuwa na habari.