Mkono wa Marehemu Nyuma ya Pazia

Mwalimu wangu wa simu alifariki kwa homa mwezi mmoja kabla ya darasa alilolipigania kwa miaka. Enzi hizo, miaka ya hamsini, simu za maandishi zilipita kwenye waya kwa nukta na vistari, na ofisini kwetu Tanga wenye kuzijua alama hizo tulikuwa wachache. Mkubwa wetu alikubali hatimaye wanafunzi sita waanze kufundishwa. Kwa kuwa mwalimu hakuwapo tena, kazi ikaniangukia mimi.

Siku moja kabla hawajafika nilishinda chumbani peke yangu. Nilipanga meza sita, nikachuna ncha za waya kwa kisu, nikaziunga kwenye betri, nikasugua vigongeo, vile vyuma vya kupigia alama, kwa msasa mpaka shaba ikang'aa. Kila kimoja nilikijaribu kwa kupiga neno Tanga. Vitano vililia vizuri. Cha sita springi yake ilikuwa imekatika, na stooni hakikuwamo kingine.

Nikakumbuka kwamba marehemu alikuwa na kigongeo chake nyumbani. Baada ya adhuhuri nikapanda baiskeli hadi mtaani kwake, Nguvumali.

Mkewe alikuwa kwenye eda. Nilikaa barazani, naye akazungumza nami kutoka nyuma ya pazia la mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mmezika, mkasahau njia ya huku."

Nikamwomba radhi, kisha nikamweleza shida yangu.

"Kipo," akasema. "Ngoja nikitazame kama bado ni kizima."

Nikasikia mtoto wa meza akivutwa. Kisha vyuma vikaanza kugongana.

Kila mpiga simu ana mkono wake, kama vile kila mtu ana sauti yake. Mwalimu wangu alivunjika kidole cha shahada ujanani, kikapona kombo, na kistari cha mwisho cha kila neno alikichelewesha kidogo, kama mtu anayevuta pumzi. Mpaka wenzetu wa Korogwe walimtambua kwa hilo. Sasa mkono ule ule ulikuwa nyuma ya pazia, unapiga neno Tanga, na kistari cha mwisho kinachelewa. Mwenye mkono ule nilimpokea mimi mwenyewe ndani ya kaburi.

"Mama, nani anapiga?"

"Mimi. Kwani humu kuna nani mwengine?"

"Ulijifunza lini?"

"Mwaka tuliomzika mtoto wetu. Alinambia mkono ukipata kazi, moyo hupumua. Tukawa twapigiana hapa mezani, yeye neno, mimi neno."

"Na kule kuchelewa mwishoni?"

"Sijui kama nachelewa," akasema. "Ndivyo alivyonifunza."

Kigongeo kikatolewa pembeni mwa pazia, kimefungwa kwa kitambaa cheupe. Niliviona vidole vyake. Vyote vilikuwa vimenyooka.

Nilirudi ofisini, nikakiunga kwenye meza ya sita. Kililia kuliko vyote. Lakini kila nilipotaka kukijaribu mara ya pili mkono wangu uligoma, na chumba kile chenye viti vitupu kikaanza kunitisha mchana kweupe. Nikawaza juu ya yule mama, na ile meza niliyomwachia bila kitu. Adhana ya alasiri ilipolia nikafungua waya, nikakifunga tena kwenye kitambaa chake na kukirudisha.

"Hakikufaa?" akauliza.

"Kimefaa, mama. Ila wanafunzi wawili watashirikiana kimoja."

Nilisikia tu kitambaa kikifunguliwa haraka haraka.

Darasa likaanza na vigongeo vitano, na wanafunzi wote sita wakafuzu. Mimi nikazama kazini, siku zikapita. Mara moja tu, eda ilipokuwa imekwisha, nilipita mtaa ule na kumsikia mama akipiga kigongeo dirishani. Nilisimama, masikio yangu yakasoma yenyewe.

"Umekula?" alikuwa anapiga.

Kisha kimya, kirefu kiasi cha mtu kujibu.

"Haya. Na homa?"

Kimya tena. Nilijikuta nami nangoja. Aliposema "Alhamdulillahi" kwa vyuma vile, nilisukuma baiskeli yangu taratibu mpaka kona. Sikubisha hodi, wala sikumsimulia mtu, na hilo la kutobisha hodi najilaumu kwalo mpaka leo.