Nimechonga vidole vyangu mwenyewe

Jamani, leo nimeharibu gobori kabla halijapiga hata risasi moja.

Mnajua natengeneza gobori la kizamani huku ughaibuni, hapa mjini Greenbelt. Mke wangu anaita wazimu, mimi naita urithi wa babu.

Leo nilikuwa naingiza mtambo wa kufyatulia kwenye kitako cha mti. Unapaka chuma masizi, unakikandamiza kwenye tundu, unakitoa. Panapobaki weusi kwenye mti ndipo chuma kinapobana, basi unachonga kidogo kwa patasi.

Nikachonga. Weusi ukarudi. Nikachonga tena.

Masaa mawili, ndugu zangu!

Mke wangu akaingia, katoka zamu ya unesi, bado na sare.

"Baba Neema, hebu nione mikono."

Nikainyoosha. Myeusi tii, kama ya muuza mkaa.

"Sasa hapo unachonga mtambo au unachonga alama za vidole vyako?"

Nikarudisha mtambo. Ukacheza tunduni kama jino bovu. Nilitaka kulia, wallahi.

Nikampigia Mzee Walt, jirani anayenifundisha. Akacheka mpaka akakohoa.

"Mimi niliharibu matatu hivyo hivyo. Lete, tutatia kiraka. Ila patasi ashike mkeo."

Chekeni tu. Mama Neema kakubali, na mimi nimekabidhiwa ufagio.