Notisi ya mkopo niliyokataa kusaini, nikadhani haijanifikia

Mbukwenyi wakuu.

Ndivyo tunavyosalimiana wenyeji wa huku Dodoma. Vijana, shikamoo zenu nimezipokea kabla hamjazitoa.

Mimi ni mzee wa darasa la tatu, naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo herufi zikipotea njia mnivumilie. Haya sikusimuliwa, nimeyafanya mwenyewe. Na nikiongeza chumvi, wa kuniumbua yupo, mke wangu anasoma humu kuliko mimi.

Nimeona uzi wa kijana mmoja anauliza afanyeje, kaletewa notisi ya mkopo na amezima simu. Nikaona nikinyamaza nitakuwa nimefanya dhambi ya pili.

Iko hivi.

Nilikopa kwenye kampuni moja ya mikopo pale mjini. Jina siweki, hawakunikosea kitu. Dhamana ilikuwa hati ya nyumba tunayoishi. Mke wangu, Mama Yohana, ilibidi asaini pia, maana bila mwenza kukubali hawatoi. Alisaini roho ikiwa nzito. Aliniuliza mara moja tu, mahindi yakishuka bei itakuwaje? Nikamwambia mahindi hayajawahi kunitupa.

Nilinunua mahindi vijijini huko upande wa Kondoa, nikayaweka stoo nikingoja bei ipande niyapeleke soko la Kibaigwa. Wanaoijua Kibaigwa wanajua madalali wa pale. Yupo mmoja aliwahi kuniuzia mchana gunia nililomuuzia mwenyewe asubuhi, na nikamshukuru. Hiyo tuiache.

Bei haikupanda. Ilishuka, na dumuzi, wale wadudu wa nafaka, wakaingia stoo. Nikauza kwa hasara. Rejesho la kwanza nikatoa, la pili nikatoa kwa kuuza mbuzi, la tatu nikakaa kimya.

Zikaanza simu, zikaja meseji. Sikujibu.

Hapa naomba mnielewe, sijitetei. Sisi wazee wa huku tumekulia kwenye madeni ya ng'ombe. Unayemdai unamfuata mwenyewe kwake. Mnakaa, mnaongea mvua, mnaongea wagonjwa, unaondoka hujataja kitu. Siku nyingine unarudi, ndiyo unagusia. Deni linasemwa kwa mdomo, watu wakitazamana. Kwa hiyo moyoni nilikuwa nasema, mwenye pesa bado hajaja. Hizi karatasi ni watoto wa ofisini wanachangamka tu. Siku mwenyewe akija, tutakaa tutaongea.

Nilimsubiri mtu ambaye hayupo wakuu. Kampuni haina mwenyewe wa kuja kukaa kwenye kigoda chako.

Siku moja ikaja pikipiki na binti wa kampuni, jina lake Upendo. Akanipa shikamoo ya kupiga goti kabisa. Akamuulizia mwenye nyumba. Nikamwambia mwenye nyumba amesafiri, yuko Kondoa, mimi ni ndugu yake nalinda mji. Nikamkaribisha togwa. Akanywa taratibu, akashukuru, akaondoka. Nikacheka peke yangu nikajiona mjanja.

Akarudi na mwenyekiti wetu wa mtaa. Hapo Kondoa ikawa haina kazi tena. Akatoa bahasha mbili na daftari, akasema nisaini kwamba nimepokea. Nikakataa. Niliamini nisiposaini, barua haijafika. Binti hakubishana. Akaandika kwenye daftari kwamba nimekataa, mwenyekiti akasaini ushahidi, akaziweka bahasha juu ya kinu.

"Babu, siku zimeanza kuhesabika leo," akasema, "usaini usisaini."

Siku hiyo Mama Yohana alikuwa shambani kwenye mizabibu yake. Niseme kidogo kuhusu hiyo mizabibu. Shamba lile alipewa na marehemu baba yake, halikuwa kwenye mkopo. Miche aliipanda mwenyewe, maji alibeba kichwani miaka ile hatuna hata punda. Zabibu zile ndizo zilizosomesha watoto wetu, mmoja amefika mpaka chuo kikuu pale Chimwaga. Mimi na mahindi yangu tulisomesha madalali.

Bahasha nilizichukua nikazifungia kwenye sanduku, chini ya koti langu la kanisani. Sikuzifungua. Kusoma kwenyewe ni kwa kudokoa, na nilijisemea zitakuwa Kiingereza tupu. Lakini ukweli niliogopa. Bahasha ikiwa imefungwa unaweza kujidanganya kwamba ndani kuna salamu.

Wakuu, ndani ya nyumba ile kulikuwa na mtu aliyemaliza darasa la saba, aliyekuwa anaandika kumbukumbu za kikundi cha kina mama kanisani. Msomaji wa nyumba nzima. Na ndiye niliyemficha.

Siku zikaenda. Kila pikipiki ikipita nilikuwa nashika jembe naelekea porini. Usingizi ukakata. Mama Yohana akidhani ni goti langu linaniuma, akawa ananichemshia majani. Nayanywa. Dawa ya goti nakunywa kwa ugonjwa wa uongo.

Jumapili moja baada ya ibada mwenyekiti akamuuliza Mama Yohana, mmefikia wapi na ile notisi, maana siku zinaisha.

Alirudi nyumbani, akavua kitenge cha kanisani akakikunja vizuri, akaja akasimama mbele yangu akaniambia nizilete. Hakusema nilete nini. Nikajua.

Nikazileta. Akafungua ya kwanza, akasoma kimya. Akachukua ya pili, akaigeuza juu, akakaa anaitazama muda mrefu kabla ya kuifungua.

Kumbe ile ya pili haikuwa yangu. Ilikuwa na jina lake. Kila aliyesaini anapelekewa yake.

"Hii yako ungeweza kuificha, ni yako," akasema. "Hii yangu, Baba Yohana, uliifichaje?"

Nina zaidi ya miaka sabini. Nimewahi kupigwa, nimewahi kuibiwa, nimezika watoto wawili. Hakuna kilichonichoma kama swali lile.

Akasoma kwa sauti. Nyuma ya ile ya Kiingereza kulikuwa na karatasi ya Kiswahili safi. Tumepewa siku sitini. Ndani ya siku hizo tunaweza kulipa yaliyochelewa, tunaweza kwenda ofisini kuomba marejesho yapangwe upya, tunaweza hata kuuza wenyewe kitu tukalipa. Zikipita, nyumba inakwenda mnadani.

Akahesabu kwa vidole. Zilikuwa zimebaki tisa.

Kesho yake asubuhi tukawa mjini. Upendo akanitazama, akasimama, shikamoo ile ile. Kisha akauliza, "Babu, yule ndugu yako amesharudi kutoka Kondoa?" Akafungua faili, picha yangu ya pasipoti imebandikwa ukurasa wa kwanza. Alinijua tangu togwa.

Meneja wao alikuwa mpole, na upole wake ndio ulioniumiza zaidi. Alisema kama tungekuja wiki ya kwanza, angepanga upya bila shida, wakulima wengi anawafanyia. Sasa faili limeshapelekwa kwa dalali wa mahakama ajiandae na mnada, kulirudisha inabidi marejesho yote yaliyochelewa yalipwe kwanza, kabla siku hazijaisha.

Tulipotoka nje Mama Yohana alisema neno moja: mizabibu.

Nilimwambia tuuze kitu kingine. Akaniuliza kipi. Nikakitafuta kichwani, sikukiona.

Mnunuzi alipatikana haraka, mtumishi wa serikali anayetaka kujenga. Si mtu mbaya. Lakini mtu akijua una siku saba, bei anaipanga yeye. Jirani yetu aliuza kipande kidogo kuliko kile kwa pesa karibu mara mbili, kwa sababu yeye alikuwa na muda wa kukataa. Muda huo sisi tulikuwa nao. Ulikuwa sandukuni chini ya koti.

Zabibu zilikuwa zinaanza kubadilika rangi. Mnunuzi akaomba mizabibu iondolewe kabla hajaleta mawe ya msingi. Nilichukua panga nikamfuata Mama Yohana shambani nimsaidie. Akaniambia nirudi nikachunge mbuzi wetu wawili waliobaki. Alikata mwenyewe, siku mbili.

Nyumba tunayo. Deni lililobaki lilipangwa upya, tunalipa, halijaisha. Mama Yohana hajawahi kunitupia neno. Chakula napikiwa, goti nachuliwa. Ila msimu wa kuvuna ukifika, jirani wakipita na makreti ya zabibu, huwa anaingia ndani, nami nabaki nje siwezi kumfuata.

Somo langu ni fupi. Barua haingoji wewe ukubali kuipokea. Siku alizoandika mdai ni mali yako, zitumie ukiwa bado unazo nyingi. Nenda ofisini na aibu yako hivyo hivyo, haiui. Na mliyesaini naye, mwambie siku hiyo hiyo.

Najua wapo watakaonitukana, ruksa. Wenye ujuzi wa sheria nirekebisheni nilipokosea, wengine wasome. Na kama unayo bahasha ndani hujaifungua, usichangie bado. Nenda kaifungue, mkiwa wawili.