Soli za Mama

Mama yangu alikuwa anatembea kwa vidole. Simaanishi alinyata. Namaanisha kwenye njia zetu za mlimani, mvua ikishanyesha na udongo ukawa utelezi mtupu, vidole vyake vilitanuka vikashika ardhi, magoti yamekunjwa kidogo, na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani hautikisiki. Wanawake wote wa rika lake walitembea hivyo. Viatu walikuwa navyo, vya kanisani. Walivibeba mkononi mpaka kwenye mfongo, ule mfereji unaopita juu ya kanisa. Hapo waliosha miguu, wakajifuta kwa ncha ya kanga, ndipo wakavaa. Kuingia kanisani na viatu vya matope ilikuwa aibu ya ukoo mzima.

Mimi nilipelekwa shule ya bweni na viatu vyeusi vya ngozi ngumu, nikarudi natanguliza kisigino. Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Haya, mtu wa mjini, teremka sasa tukuone!" Niliteremka kwa makalio.

Mwaka juzi kisukari kilimshika miguu. Nesi alimwambia afumbe macho, akamgusa nyayo kwa uzi mgumu wa plastiki. Mama akawa anasubiri. "Anza basi, mwanangu," akasema. Nesi alikuwa ameshamaliza. Akanigeukia mimi: kuanzia leo asikanyage chini bila viatu, hata jikoni, maana akijikata hatajua, na kidonda kikiingia ndani mguu utaondoka.

Nilimtengenezea viatu kwa fundi jirani yangu huko mjini Njoro, ninakoishi na kushona nguo. Vipana, laini, vimefunika vidole. Nikapanda navyo nyumbani, nikamwamkia, nikamvisha mwenyewe. Alitembea uani kama kuku aliyefungwa kamba mguuni. Nami, mpumbavu mkubwa, nikatamka maneno yale yale aliyonipa yeye nikienda bweni: "Uvitunze, mama."

Kila mwezi alishuka kliniki amevivaa, vinang'aa. Nikawa najisifu kwa majirani: tazameni viatu vya mama, mwaka mzima na bado vipya! Jamani, haya macho nilipewa ya nini?

Jumapili moja nilipanda bila kumwarifu. Nikamwona mbele yangu, kati ya mibuni, anateremka kwenda kanisani. Kwanza nilifurahi, maana ulikuwa ule mwendo wake wa zamani, mwepesi, hauna wasiwasi. Kisha nikaona mfuko mkononi. Kisha nikaona damu kwenye jiwe alilotoka kulikanyaga.

Nilikimbia, nikateleza, nikaanguka, nikainuka naita. Nilipomfikia alikuwa ameketi ukingoni mwa mfongo na wenzake wawili, ameshaosha miguu, anavuta kiatu. Katikati ya unyayo wa kulia palikuwa na shimo, na halikuwa la siku ile. Harufu yake ilinipiga puani.

"Mama! Unafanya nini?"

"Navaa viatu. Ibada inaanza."

"Nesi alisema kila siku! Kila siku, mama, hata jikoni!"

"Na wewe ukasema nivitunze," akajibu, ananishangaa kweli. "Sijavikanyagia tope hata mara moja."

Nikamfokea mbele ya wenzake, Mungu anisamehe, ilhali wa kufokewa nilikuwa mimi. Nimelelewa kwenye njia zile. Nilijua kabisa maana ya kutunza viatu kwa mwanamke wa kwetu, na bado nikamwambia avitunze.

Hospitalini walihangaika naye wiki nzima. Kidonda kilikuwa kimefika mfupani. Daktari aliposema mguu utakatwa chini ya goti, nilimshika mkono, nikamsihi, nikalia bila haya, wagonjwa wote wananitazama. Mama hakulia. Alinivuta karibu na mdomo wake.

"Mwoneshe viatu," akanong'ona. "Aone nilivyovitunza. Labda atauacha."

Nilivitoa kwenye mfuko, kwa kuwa sikuwa na kingine cha kumpa. Daktari alivipokea, akavigeuza, akazitazama soli kwa muda mrefu. Zilikuwa safi kabisa. Akanirudishia, akaenda kunawa mikono.